Git mpya, Eclipse ya zamani: namna ya kuzifanya zielewane

Bando ndilo lililoniponza. Nilikuwa nakloni, yaani nanakili kutoka kwenye seva, ripo (folda ya msimbo pamoja na historia yake yote) ya mfumo wa mauzo wenye historia ya miaka tisa, natumia mtandao wa simu, na sikutaka kumaliza GB zangu kwa picha na PDF ambazo mtu alizikomiti (alizihifadhi kwenye historia) mwaka wa kwanza kisha akazisahau. Nikaongeza chujio kwenye amri:

```
git clone --filter=blob:none <anwani-ya-ripo>
```

Git, programu inayotunza historia hiyo, kwenye laptopu yangu ni mpya, ikaivuta ripo fasta bila kulalamika. Nikafungua Eclipse, programu ya kuandikia msimbo, ile kuukuu ambayo mradi ule hauendi bila yake kwa sababu programu jalizi ya kuchora fomu iliachwa na wenyewe zamani. Eclipse ikanijibu hivi:

```
Unknown repository format "1"; expected "0".
```

Nikafuta folda, nikakloni tena kwa amri ileile. Jibu lilelile. Kwenye terminali kila kitu shwari, `git status` haina neno. Nilipoteza asubuhi nzima nikidhani Eclipse imeharibika, kumbe ilikuwa inasema ukweli mtupu: imekuta ripo ya aina ambayo haikufundishwa kuisoma.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliye na Git mpya upande mmoja na zana ya zamani upande mwingine: Eclipse, NetBeans, seva ya kujengea programu, au skripti aliyoirithi. Shika jambo moja kabla hujaanza. Umbo la folda ya `.git`, ile Git inamoweka historia na mipangilio ya ripo, ni la kwako peke yako, halisafiri, isipokuwa aina ya hashi tutakayoiona hatua ya 3. Ukisukuma komiti kwenda kwenye seva, mwenzako hapokei mipangilio yako wala faharasa yako (orodha ya faili za mradi). Kwa hiyo zana ikigoma kwako na kwa mwenzako inafanya kazi, mara nyingi tatizo liko kwenye diski yako. Ikigoma kwa wote siku moja, angalia seva na funguo, yaani ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6.

Hatua ya 1: Jua ni nani anayesoma ripo

Tunazoea kudhani kompyuta ina Git moja. Mara nyingi zipo tatu au nne. Ipo unayoiita kwenye terminali. Ipo iliyokuja ndani ya zana fulani. Halafu kuna wasomaji ambao si Git kabisa, bali ni maktaba zilizoandikwa upya na watu wengine ili ziweze kusoma na kuandika folda ya `.git`. JGit imeandikwa kwa Java, nayo ndiyo iliyo ndani ya EGit ya Eclipse, NetBeans, na programu jalizi nyingi za Maven na Gradle (zana za kujengea programu za Java) zinazotaka kujua namba ya komiti. libgit2 imeandikwa kwa C, na watu wa .NET huifikia kupitia LibGit2Sharp. Programu za Go nazo zina go-git.

Tofauti hii ndiyo nusu ya kazi. IntelliJ, Android Studio na VS Code huiita Git iliyosakinishwa kwenye mashine, kwa hiyo siku unaposasisha Git, nazo zinapata akili mpya. Zenye maktaba tumboni hubaki na ujuzi wa siku zilipotoka, hata ukisasisha Git ya mashine mara kumi.

Anza na hizi:

```
git --version
which -a git
```

Kwenye Windows, badala ya `which -a git` andika `where git`. Ukiona mistari miwili au mitatu, una Git zaidi ya moja, na iliyo juu ndiyo inayoitwa kwanza. Kwenye Mac jaribu pia `xcrun git --version`, maana Git ya Apple na uliyoisakinisha mwenyewe huwa na namba tofauti. Kwenye Eclipse fungua Help, About Eclipse, kisha Installation Details, utafute mstari wenye neno JGit. Jenkins, seva ya kujengea programu, yenyewe inakuruhusu kuchagua kati ya Git ya mashine na JGit, kwa hiyo usibashiri, fungua mipangilio ya zana zake uone.

Ukiingia kwenye seva kwa SSH, angalia na huko. CentOS 7 ilikuja na Git 1.8.3.1, na ingawa muda wake wa kutunzwa uliisha Juni 30, 2024, bado ziko seva zinazoendeshwa nayo kimyakimya hadi siku diski itakapokufa. Git hiyo ikikuta ripo kama yangu ya asubuhi ile, husema:

```
fatal: Expected git repo version <= 0, found 1
```

Maneno tofauti na ya Eclipse, ugonjwa uleule.

Hatua ya 2: Nakili kwanza

Funga zana ya zamani kabisa, usiipunguze tu dirisha. Kisha:

```
git status
git stash list
cp -a mradi mradi-akiba
```

Stashi, yaani mabadiliko uliyoyaweka kando bila kuyakomiti, nazo hukaa ndani ya `.git` na hazisukumwi kwenda kwenye seva, ndiyo maana nakala ya folda nzima ni bora kuliko kutegemea kukloni upya. Mimi nimewahi kupoteza stashi ya siku mbili kwa haraka ya kufuta folda. Sina haja ya kuisimulia zaidi.

Hatua ya 3: Soma faili la .git/config

Hapa ndipo majibu mengi yalipo. Fungua faili lenyewe kwa macho yako:

```
cat .git/config
```

Tafuta mistari miwili: `repositoryformatversion`, na sehemu yenye kichwa `[extensions]`, yaani nyongeza. Ripo ya kawaida ina 0 na haina sehemu hiyo. Ikiwa na 1, maana yake ni kama bango la mbwa mkali getini: kama huzijui nyongeza zote zilizoandikwa humu, usiingie. Zana ya zamani inayokataa inafanya lililo sahihi.

Kwa hiyo usifanye nilichofanya mimi. Nilibadilisha 1 kuwa 0 kwa mkono, Eclipse ikafungua ripo, nikashangilia. Dakika mbili baadaye nikabofya historia ya faili moja, ikalalamika kwamba kitu fulani hakipo. Bila shaka hakipo: nilikloni kwa chujio, matoleo ya zamani ya faili yamebaki kwenye seva, na Git mpya huyafuata mtandaoni pale yanapohitajika. JGit ile ya zamani haijui kuyafuata. Bango nilikuwa nimeling'oa, mbwa bado yumo.

Sasa nyongeza zenyewe, moja baada ya nyingine.

*Ripo iliyokloniwa kwa chujio.* Dawa ya uhakika ni kukloni upya bila `--filter`. Kama bando ni tatizo, punguza historia badala ya kuchuja maudhui:

```
git clone --depth 50 <anwani-ya-ripo>
```

Ripo fupi ya namna hii hubaki na namba 0. Mipaka yake huandikwa kwenye faili la `.git/shallow`, utaratibu wa zamani ambao wasomaji wengi wanaujua. Ila ukitaka kusukuma komiti kutoka humo, Git iwe angalau 1.9, ya mwaka 2014. Ukishapata mtandao wa ofisini, `git fetch --unshallow` itakuletea historia iliyobaki.

*worktreeConfig.* Hii huingia bila wewe kujua unapotumia `git sparse-checkout` ili kuona folda chache tu za mradi mkubwa. libgit2 ya zamani husema `unsupported extension name extensions.worktreeconfig`. Kuiondoa:

```
git sparse-checkout disable
git config --unset extensions.worktreeConfig
```

Amri ya kwanza inarudisha faili zote kwenye diski lakini inauacha ule mstari pale pale, ndiyo maana kuna ya pili. Kabla ya kuifuta, fungua `.git/config.worktree` uone kama kuna mpangilio unaoutaka, kwa sababu baada ya hapo faili hilo halisomwi tena. Ukiwa na folda kadhaa za kazi zinazotumia ripo moja, kila moja inaweza kuwa na faili lake, kwa hiyo zipitie zote.

*refStorage.* Tangu toleo la 2.45 la Aprili 2024, Git inaweza kuhifadhi majina ya matawi kwa muundo mpya uitwao reftable badala ya faili ndogondogo ndani ya `.git/refs`. Utaitambua kwa jambo la kuchekesha kidogo. Andika:

```
cat .git/HEAD
```

Badala ya jina la tawi lako utakuta `ref: refs/heads/.invalid`. Wameliweka makusudi ili zana isiyojua muundo huu isijidanganye. Nimeona skripti ya kupamba terminali ikimwonyesha mtu kwamba yuko kwenye tawi la `.invalid`, naye akahangaika kulitafuta ni nani kaliunda. Kurudi nyuma ni rahisi, mradi Git yako ni 2.46 kwenda juu:

```
git refs migrate --ref-format=files
```

*objectFormat.* Ikiwa imeandikwa `sha256`, mwenye ripo aliianzisha kwa hashi mpya (hashi ni alama inayokokotolewa kutokana na maudhui), jambo linalowezekana tangu 2.29 ya Oktoba 2020. Hapa hakuna mpangilio wa kuzima. Kila komiti ina jina linalotokana na hashi, na huwezi kubadilisha hashi bila kubadilisha majina yote. Ama zana isasishwe ama ripo ijengwe upya. Kwa mradi unaotegemea zana za zamani, usianzishe ripo ya aina hii kwa udadisi. Na kaa macho: Git 3.0 imepangwa kuja na sha256, reftable na tawi la `main` kama chaguo la kuanzia kwenye ripo mpya. Ripo ulizonazo hazitaguswa, ila mpya utakazoanzisha zitaguswa.

Hatua ya 4: Faharasa

Tuseme `config` ni safi, namba ni 0, na zana bado inagoma. Angalia faili la `.git/index`. Ni faharasa ya faili zote zilizopo kwenye mradi, na kila zana huisoma kabla ya kukuonyesha kilichobadilika. Baiti nane za mwanzo zinaeleza kila kitu:

```
head -c 8 .git/index | xxd
00000000: 4449 5243 0000 0004                      DIRC....
```

`DIRC` ni alama ya faharasa, na ile 4 ya mwisho ni toleo lake. Toleo la 2 linasomeka karibu kila mahali. La 4 hubana majina ya faili ili faharasa iwe ndogo, na JGit za zamani huikataa kwa maneno `Unknown DIRC version 4`.

Sasa angalia mkia:

```
tail -c 20 .git/index | xxd
```

Hapo huwa pana hashi ya faili zima. Ukikuta sifuri tupu, kuna mahali mpangilio wa `index.skipHash` umewashwa: Git imeacha kupiga hesabu ya hashi ili iende kasi. Git iliyo chini ya 2.13 itakataa kabisa kuisoma faharasa hiyo, na JGit husema `DIRC checksum mismatch`, ujumbe unaomfanya mtu adhani diski inakufa.

Mambo yote mawili mara nyingi huletwa na mpangilio mmoja, `feature.manyFiles`, ambao watu huunakili mtandaoni kwa ahadi kwamba Git itakuwa nyepesi. Tafuta ulikotoka:

```
git config --show-origin --get-all feature.manyFiles
```

Ukikuta uko kwenye `~/.gitconfig`, basi umewashwa kwa ripo zako zote. Kwa ripo hii peke yake uzime hivi, kisha ujenge faharasa upya:

```
git config feature.manyFiles false
git config index.version 2
git config index.skipHash false
rm .git/index
git reset
```

`git reset` isiyo na nyongeza haigusi faili zako. Kitakachopotea ni yale uliyokuwa umeshayaongeza kwa `git add`, itabidi uyaongeze tena. Rudia ile amri ya `head`, sasa utaona 2.

Ukiwa bado unataka kutumia sparse-checkout na Git nyingine ya zamani kidogo, kuna kitu cha tatu: faharasa yenyewe inaweza kuwa imepunguzwa, folda nzima ikiandikwa kama mstari mmoja. Izime kwa `git sparse-checkout reapply --no-sparse-index`.

Hatua ya 5: Pale .git inapokuwa faili

Fupi tu. Ukitumia `git worktree` (folda kadhaa za kazi kwa ripo moja) au submoduli (ripo ndani ya ripo), `.git` si folda tena, ni faili la maandishi lenye mstari mmoja unaoanza na `gitdir:`. Zana za zamani zinazotafuta folda yenye jina hilo zitakuambia huu si mradi wa Git. Hakuna ujanja wa maana hapa. Ifungulie zana hiyo ripo kuu, na folda za pembeni uzifanyie kazi kwenye terminali.

Hatua ya 6: Funguo na milango

Hili ndilo linalowapata wote siku moja. Jana ilikuwa inasukuma, leo `Auth fail`. Ripo haijaguswa na mtu.

Anza na ufunguo. Tazama mstari wa kwanza wa faili lako la siri:

```
head -1 ~/.ssh/id_rsa
```

Ukisoma `BEGIN OPENSSH PRIVATE KEY`, ni muundo ambao OpenSSH iliufanya wa kawaida tangu toleo la 7.8, Agosti 2018. Eclipse na zana nyingi za Java za miaka hiyo zilitumia maktaba iitwayo JSch, nayo JSch ya zamani inajua muundo wa zamani wa PEM tu, kama `BEGIN RSA PRIVATE KEY`, ikikuta ule mwingine inasema `invalid privatekey`. Unaweza kuugeuza muundo bila kubadilisha ufunguo, lakini fanya hivyo kwenye nakala, kwani amri hii huandika juu ya faili lilelile:

```
cp ~/.ssh/id_rsa ~/.ssh/id_rsa_zamani
ssh-keygen -p -m PEM -f ~/.ssh/id_rsa_zamani
```

Wengi huishia hapa, kisha wanashangaa GitHub bado inawakataa. Sababu ni nyingine. Ufunguo wa RSA unaweza kutia saini kwa hashi ya SHA-1 ya zamani au kwa SHA-2 mpya zaidi. JSch ya zamani inajua SHA-1 tu. OpenSSH ilizima saini hizo kwenye toleo la 8.8 la Septemba 2021, na GitHub haizikubali kwa funguo za RSA zilizowekwa kuanzia Novemba 2, 2021. Ndiyo maana mwenzako mwenye ufunguo wa tangu 2017 anapita na wewe uliyeajiriwa mwaka jana hupiti, na hakuna aliyekosea.

Njia ninayoipenda ni kutengeneza ufunguo wa aina nyingine kwa ajili ya zana hiyo tu:

```
ssh-keygen -t ecdsa -b 256 -m PEM -f ~/.ssh/id_eclipse
```

Usitumie ed25519 hapa. Ni nzuri kuliko zote kwenye terminali, ila JSch hiyo haiijui, na muundo wa PEM hauipokei.

Njia ya pili, ambayo kwa JGit hufanya kazi vizuri, ni kuilazimisha iite SSH ya mashine badala ya kutumia maktaba yake. Weka kigezo hiki kisha ufungue Eclipse kutoka terminali hiyohiyo, si kwa kubofya ikoni:

```
export GIT_SSH=/usr/bin/ssh
```

Ukipendelea HTTPS, kumbuka GitHub iliacha kupokea nywila za akaunti kwa kazi za Git tangu Agosti 13, 2021. Pale palipoandikwa nywila weka tokeni, ile nywila maalumu unayoitengeneza kwenye mipangilio ya akaunti. Na kama zana inaendeshwa na Java 7, hata tokeni haitafika: Java hiyo huanza mazungumzo kwa TLS 1.0 (itifaki ya zamani ya kulinda mawasiliano), ambayo GitHub iliifunga Februari 2018. Kwenye faili la `eclipse.ini`, chini ya mstari wa `-vmargs`, ongeza `-Dhttps.protocols=TLSv1.2`. Bora zaidi iendeshe kwa Java 8 kama inakubali. Mara nyingi inakubali.

Hatua ya 7: Ripo ya mtu mwingine

Aprili 2022, Git 2.35.2 ilileta ukaguzi mpya: kama folda ya ripo inamilikiwa na mtumiaji tofauti na anayeendesha amri, Git inakataa. Ujumbe wa siku hizi ni `detected dubious ownership in repository`. Seva za kujengea programu, kontena za Docker na diski za kuchomeka ndizo zilizoumia zaidi, kwa sababu humo mwenye folda na mwenye kuendesha huwa watu wawili. Hili ni geni kidogo kwenye mwongozo huu, kwani mgomo unatoka kwa Git mpya, na zana ya zamani hurudisha tu neno kama "haikufaulu" bila kukuonyesha ujumbe. Endesha amri yenyewe ukiwa mtumiaji yule:

```
sudo -u jenkins git -C /srv/mradi status
```

Ukiona ujumbe ule, sahihisha umiliki wa folda kwa `chown`. Ikishindikana, iandikishe folda hiyo kwa mtumiaji huyo:

```
sudo -u jenkins -H git config --global --add safe.directory /srv/mradi
```

Ukiuandika mpangilio huu ndani ya `.git/config` ya ripo yenyewe, Git itaupuuza. Mgeni hawezi kujiandikia barua ya utambulisho. Utaona watu wakishauri kuweka `*` badala ya njia ya folda. Kwenye kontena inayoishi dakika tano, sawa. Kwenye seva mnayoshiriki watu wengi, hapana.

Tukiwa hapo: `git -C` niliyoitumia juu ilikuja na 1.8.5. Kwenye ile CentOS 7 ya hatua ya kwanza utapata `Unknown option: -C`, ufanye `cd` kwanza.

Hatua ya 8: Skripti zinazodhani dunia haijabadilika

Pita kwenye skripti zako na `grep` ukitafuta neno `master`. Ripo mpya kwenye GitHub huanza na `main` tangu Oktoba 1, 2020, na tangu 2.28 kila mtu anaweza kuchagua jina lake kwenye mashine yake. Skripti iulize badala ya kudhani:

```
git symbolic-ref --short refs/remotes/origin/HEAD
```

Tafuta pia skripti zinazosoma maneno ya `git status`. Maneno hayo ni kwa ajili ya binadamu na hubadilika, skripti zitumie `git status --porcelain`. Na zile zinazokata namba ya toleo: Windows hujibu kitu kama `2.46.0.windows.1`, Mac huongeza jina la Apple kwenye mabano, na skripti iliyotegemea namba tatu safi inaanguka.

Kama bado mko kwenye Subversion

Wanaotumia Subversion (SVN), mfumo mwingine wa kutunza historia ya msimbo, walishapitia haya kabla yetu. Seva na kiteja vya mfululizo wa 1.x huelewana hata vikipishana matoleo. Kinachogoma ni folda ya kazi. Hadi 1.6 kila folda ilikuwa na `.svn` yake. Toleo la 1.7, Oktoba 2011, likaweka moja tu juu kabisa, na ndani yake hifadhidata ya SQLite iitwayo `wc.db`. Ukiendesha `svn upgrade` kwa 1.8, zana yenye 1.6 tumboni itasema `This client is too old`, na kwa safari hiyo hakuna kurudi. Itabidi uchukue nakala mpya kutoka kwenye seva kwa kutumia ile zana ya zamani. Hifadhi kwanza mabadiliko yako kwa `svn diff > mabadiliko.patch`. Na kabla mtu hajagusa `svn upgrade` kwenye folda ya pamoja, ulizaneni nani anatumia nini.

Kushusha Git, au kupandisha zana?

Ushauri wa kwanza utakaoupata kwa watu ni "shusha Git". Mimi siishushi. Mei 2024 Git 2.45.1 ilitoka ikiziba tundu lililowezesha msimbo wa mshambuliaji kujiendesha pale tu unapokloni ripo yenye submoduli, na matundu ya aina hiyo hayaulizi kama unatumia toleo la zamani kwa sababu ya Eclipse. Karibu kila tatizo hapa linatibika kwa kubadilisha mpangilio mmoja wa ripo moja.

Mashine za Windows 7 ndizo zenye kisingizio. Git for Windows iliishia 2.46 kwa Windows 7 na 8, kwa hiyo humo weka toleo la mwisho la mfululizo huo na usihangaike kutafuta jipya.

Kilichonifaa mimi mwishowe ni kuwa na folda mbili kwenye laptopu moja. Ya kwanza, yenye chujio na mapambo yote, ni ya terminali. Ya pili, iliyokloniwa wazi bila nyongeza yoyote, ni ya Eclipse, na zote zinaongea na seva ileile. Inakula diski kidogo, lakini diski ni rahisi kuliko asubuhi.

Hatua ya mwisho: Jaribu kabla ya kuendelea na kazi

Fungua zana ya zamani. Angalia historia ya faili la zamani kabisa kwenye mradi, si la jana. Ongeza mstari mtupu mahali, komiti, sukuma. Kisha rudi kwenye terminali uiulize Git mpya inaonaje alichoandika mwenzake:

```
git fsck
git status
```

Ukiona `dangling` usishtuke, ni mabaki ya kawaida. Ukiona `missing` au `error`, rudi kwenye `mradi-akiba` na uanze tena hatua ya 3. Isipotokea yoyote kati ya hizo mbili, iache ile akiba ikae wiki moja hivi ukiendelea na kazi, halafu uifute, inakula nafasi.